Pumzi ya Kusema Marahaba

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, niliyokosa pumzi ya kusema neno moja tu. Keti nikusimulie, na ukiniona nachezesha mguu usijali. Mimi kutulia sijawahi kujua.

Nilikuwa na miaka arobaini na tisa. Baba yangu alifariki mara tu alipotimiza hamsini, na mwaka ule ulipoanza usingizi ukanipaa. Nikila nawaza, nikifungua duka nawaza. Nikaitoa stoo baiskeli niliyoiacha tangu nilipooa, nikampelekea Mzee Elia, fundi baiskeli wa mtaa wa Sakina, akaitia cheni na tairi mpya. Nikajiapiza kwamba kabla sijatimiza hamsini nitafika Longido kwa pedali. Kwa nini Longido? Kwa sababu ni mbali. Sababu nyingine sikuwa nayo.

Kila asubuhi nikawa naupanda mlima wa kuelekea Ngaramtoni, Mlima Meru uko kulia kwangu, nami hata siutazami. Natazama saa ya mkononi: jana dakika ngapi, leo ngapi. Mke wangu akiniambia nipunguze, namwambia hajui mambo ya baiskeli. Alijua sana, maana ndiye aliyeniona ninavyorudi nikihema.

Basi asubuhi hiyo, katikati ya mlima, nikasikia madumu yakigongana nyuma yangu. Alikuwa muuza maziwa, mwanaume wa miaka thelathini na kitu. Ameshaacha maziwa mjini, anarudi kwao na madumu matupu, baiskeli yake haina gia hata moja. Akanifikia, akasema kwa adabu, "Shikamoo mzee."

Mzee! Neno lile liliniingia vibaya. Sikumjibu. Nikainama, nikakanyaga kwa hasira ili asinipite. Akadhani sijasikia, akarudia. Nikazidi kukanyaga. Mara macho yakaingia giza, nikajikuta nimekaa kwenye kokoto natapika chai, moyo unagonga mpaka masikioni. Nikajua ndiyo basi, namfuata baba. Nililia, mwanangu, sikufichi.

Yule niliyemnyima salamu ndiye aliyeninywesha maji. Akasimamisha pikapu, akapakia baiskeli zote mbili na mimi mwenyewe, akanishusha kwa Mzee Elia. Akaeleza yote bila kunilaumu, akaenda zake.

Mzee Elia, mtu wa miaka sabini na zaidi, alifuta grisi mikononi taratibu mpaka nikaanza kukereka.

"Kijana, kwa nini hukumwitikia mwenzio?"

"Sikuwa na pumzi, mzee."

"Kama huna pumzi ya kusema marahaba, huo siyo mwendo. Unakimbia. Unamkimbia nani?"

Nikamwambia habari za baba.

"Baba yako nilikuwa namtengenezea baiskeli. Hakuwahi kumpita mtu bila kumuuliza habari za nyumbani. Kaanze upya. Panda kwa gia ambayo ukiamkiwa unaitikia, na watoto wa mwenzio unawaulizia. Ukishindwa, punguza."

Daktari alinipima, akanikanya, mwishowe akaniruhusu. Nikaanza upya, saa nimeiacha nyumbani. Iliniuma, maana hamsini ilinikuta bado naishia Ngaramtoni. Miezi minne baadaye ndipo nilipoanza safari ya Longido, na kwenye mlima uleule nikasikia madumu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, baba. Watoto hawajambo?"

Tukapanda pamoja tukiongea mpaka njia yake ilipoachana na yangu. Longido nilifika jioni, mguu mmoja umekakamaa, nikiwa mzima na mkubwa kuliko baba yangu alivyowahi kuwa.

Nawe mwanangu nakuona. Unakula umesimama, unaitwa husikii. Sikuambii utulie, maana nitakuwa mnafiki. Nenda mbali utakako. Lakini mtu akikuamkia, mwitikie na uwaulizie watu wake, na ukiona huna pumzi ya kufanya hivyo, jua umezidisha, upunguze hapohapo. Mungu akufikishe salama, na akujalie miaka ya kutosha uitwe mzee na uitikie kwa furaha.