Gunia la Kumi na Mbili la Mama Tupokigwe

Hesabu nimeipiga mara mbili, na mara zote inatoka ileile. Jambo hili lilinigharimu baiskeli moja yenye kengele nzuri, mpunga wangu wote wa msimu, miaka minne ya kubeba mizigo bandarini Itungi, na ndevu zangu za kwanza, ambazo nilizinyoa ili wanaonidai wasinitambue. Walinitambua.

Nakuandikia wewe, mwanangu, unayekwenda kuanza kazi kwenye kampuni ya bima, kwa sababu bima niliifanya kabla sijajua kwamba inaitwa hivyo.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Ushirika haukuwa tena mnunuzi peke yake, na kila kijana wa Kyela mwenye mizani alijiita mfanyabiashara. Sisi wa Busale tulinunua mpunga wakati wa mavuno, tukauweka ghalani na kungoja bei ipande. Mimi na rafiki yangu Ambokile tukaanzisha Mfuko: kila mwenye gunia ghalani anatoa mchango mdogo, na gunia lake likiibwa au kuharibika, Mfuko unamlipa. Mama Tupokigwe, mjane jirani yetu, alileta magunia kumi na mawili. Hayo ndiyo yaliyokuwa shule ya binti yake.

Mwaka wa kwanza tulilipa gunia moja tu, la panya. Basi tukajiona mabingwa. Tukapunguza mchango ili tupate watu wengi zaidi. Pesa iliyobaki, Ambokile akasema imelala bure, tukaiamsha: tukanunua mpunga mwingine, tukauweka kwenye ghala lilelile, kando ya mto, kwa kuwa kodi yake ilikuwa nafuu. Mimi ndiye niliyebembeleza kodi ishuke. Nilijisifu wiki nzima.

Nakumbuka vizuri siku nilipoingia dukani kwa Mzee Shabani, mfanyabiashara wa mjini ambaye baba yake alitoka pwani, nikitafuta kufuli la ghala hilo. Tulivutana bei mpaka chai yake ikapoa.

"Kufuli kubwa hivi la nini, mwanangu?"

"La ghala la kando ya mto, mzee. Tumeweka mpunga wa watu."

"Na pesa ya kuwalipa ukiharibika, mmeiweka wapi?"

"Humohumo. Nayo ni mpunga."

Alinitazama kama anavyotazama noti asiyoiamini. "Yaani mto ukipanda, unabeba mali ya watu pamoja na fidia yao kwa safari moja?"

"Mto haujafika pale miaka mingi, mzee."

"Na mwenye ghala amekupunguzia kodi hadi nusu, nasikia, kwa kuwa anakupenda sana?"

Nikajifanya kulikagua kufuli. Akasogeza kikombe. "Nenda Ikombe. Kina mama wanaosafirisha vyungu kwa mtumbwi nao wanachangiana. Wao hulia kiangazi, ziwa likichafuka. Ninyi mtalia masika. Wapeni sehemu ya michango yenu, nao wawape ya kwao. Siku mmoja analia, mwenzake ana cha kumpa."

Nilicheka. "Mpunga na vyungu, mzee? Huo utakuwa mfuko au jiko?"

"Haya. Bila chungu utautafuna mbichi."

Kisha akanipunguzia bei ya kufuli bila mimi kuomba tena. Nilipouliza kwa nini, akasema ni rambirambi.

Masika yale mto ulifika. Kufuli halikuguswa. Maji yalipopungua tulilifungua, tukakuta mpunga wa watu na mpunga wa Mfuko umechipua ndani ya magunia, majani ya kijani yakitokeza kwenye mishono. Kitalu kizuri kuliko vyote Busale! Wanachama wote walikuja kudai siku moja, maana wote waliharibikiwa siku moja. Ambokile alishika njia ya Mbeya.

Mama Tupokigwe alikuja wa mwisho. "Ugonile," alinisalimu, kama siku zote. "Leo sikudai, najua huna. Ila shule inafunguliwa, na mimi nilikuamini wewe, siyo mto."

Baiskeli niliiuza wiki hiyohiyo, binti akaingia darasani. Pesa ya madeni yaliyobaki niliitafuta Itungi, mgongoni. Mzee Shabani hakunicheka. Alinipa sabuni kwa mkopo niziuze Ikombe, na huko nikawapigia magoti kina mama wa vyungu wakubali kubadilishana michango na Mfuko, niliouanza upya na wachache. Kiangazi ziwa lilipomeza mitumbwi yao miwili, tuliwalipa. Masika yaliyofuata walitulipa sisi. Pesa zao nilizihesabu mara mbili, kwa mazoea tu, huku machozi yakinilengalenga.

Mama Tupokigwe nilimlipa gunia kwa gunia mpaka la kumi na moja. La kumi na mbili alilikataa mlangoni.

"Lirudishe. Ukinimalizia utaacha kuja kunisalimia."

"Nitakuja, mama."

"Ninyi hamji bila deni, nawajua. Ndaga, baba, asante. Lirudishe."

Basi, mwanangu, huko kwenye maghorofa yenu mambo ni makubwa, lakini mto ni uleule. Pesa ya kufidia isikae pamoja na kile unachokikinga. Usikusanye wateja watakaolia siku moja, na ukiwa nao, tafuta mwenzako wa mbali anayelia msimu mwingine, umgawie mzigo mapema. Mwaka mtulivu usikushawishi kupunguza mchango. Na ukipewa kitu kwa bei ya kushangaza, shangaa kwanza.

Mungu akulinde, akupe wakubwa wa kukukemea na masikio ya kuwasikia, na kila aliyekuamini akukute ulipo.

Sasa nami nina shida. Mama Tupokigwe tulimzika mwaka juzi. Binti yake, ambaye sasa ni mwalimu, analikataa gunia. Anasema mimi na mama yake tulimalizana. Liko hapa sebuleni, na kila mavuno nabadilisha mpunga wake usiingie wadudu. Wewe ndiye msomi wa bima katika ukoo. Nishauri: nimlipe nani?