Upande wa Pili wa Barua

Ofisi nzima ilimwita Afande, na ilimwita hivyo kwa kumcheka. Shirika la kupinga vita, kuta zimejaa mabango ya bunduki zilizopigwa mstari mwekundu, halafu mlinzi wa getini ni askari mstaafu anayesimama wima hata akikabidhiwa mkate. Madereva walikuwa na mchezo wao. Mmoja akipita huita, "Afande, namba!" naye, kabla hajafikiri, hutamka namba yake ya jeshi, tarakimu sita, kifua mbele. Watu walivunjika mbavu. Miaka kumi na miwili mchezo ni uleule. Mimi pia nilicheka, wiki ya kwanza.

Nilikwenda pale kwa mafunzo ya kazi ya miezi mitatu, kupanga nyaraka. Ghala lilikuwa chumba cha chini kisicho na dirisha, na masanduku yake hayakuguswa tangu vita viishe. Kazi yangu ilikuwa kung'oa pini zilizoota kutu, kufungua bahasha, kuandika mstari mmoja juu ya kila karatasi na kuitia namba kwa penseli. Nilitia saini kwamba hakuna karatasi itakayotoka. Wa kuhakikisha hilo alikuwa Afande. Kila jioni alipekua mikoba getini, mfuko kwa mfuko, hata wa Mkurugenzi, mama wa makamo, kisha akaandika saa ya kutoka kwenye daftari lake.

Mchana nilikula kwenye kibanda chake, maana ghalani hayaruhusiwi hata maji. Hapo ndipo aliponisimulia maisha yake, vipande vipande. Alikuwa mtoto pekee. Aliingia jeshini kwa kumtoroka mama yake, aliyemkataza kwa machozi.

"Wenzangu walikuwa wanaletewa barua, binti," aliniambia. "Mimi hata salamu. Nikajua mama amenikana."

"Na vita vilipoisha?"

"Nirudi kwa uso gani? Nilikaa miaka miwili nikijipa moyo. Siku nafika, nyumba ina wapangaji, mama yuko kaburini."

Alisema hayo akimenya chungwa, akanipa nusu.

Mwezi wa pili nilifikia masanduku ya barua za akina mama. Wakati wa vita, shirika lilipita nyumba kwa nyumba likiwaomba wawaandikie watoto wao waliokuwa vitani, waache silaha warudi. Tupeni namba yake tu, ile mliyoletewa na jeshi, waliambiwa, sisi tutafikisha. Jeshi likazikataa kambini. Basi zikatupwa ghalani, na hakuna mama hata mmoja aliyeambiwa. Ripoti ya mwaka ule niliisoma: "Barua elfu mbili ziliandikwa." Hawakudanganya, ziliandikwa kweli.

Katika sanduku la tatu nikakuta namba ile. Sikuhitaji kuisoma mara mbili. Nilikuwa naisikia kila siku. Nikafungua bahasha, maana ndiyo kazi yangu, nikasoma. Ilikuwa karatasi moja, imeandikwa mbele na nyuma. Nilipomaliza nilikaa sakafuni nikalia kwa hasira. Hatua ishirini tu kutoka kibandani kwake!

Kumwomba Mkurugenzi? Ningejazishwa fomu mpaka mafunzo yaishe. Nikaitia barua mkobani, nikapanga kumpa mkononi nikifika getini. Bahati mbaya siku hiyo Mkurugenzi alikuwa nyuma yangu, simu sikioni. Nilimkonyeza Afande. Nikakohoa. Nilisahau kwamba yule mzee hakuwa mtu wa kukonyezwa. Akaitoa bahasha, hata miwani hajavaa, akamkabidhi bosi.

"Binti," akaniambia, "hata wewe?"

"Ni yako!" nikapiga kelele. "Soma namba!"

Aliyeisoma ni Mkurugenzi. Aliisoma kwa sauti, na Afande, masikini, akasimama wima. Kisha akaelewa. Akanyoosha mkono, lakini bosi alikuwa ameshaitia barua kwenye mkoba wake mwenyewe.

"Hii ni hazina, mzee wangu," alisema. "Wafadhili wanakuja mwezi ujao kwa maonyesho. Tutaitunza vizuri."

Mimi nikaambiwa nikae nyumbani mpaka nitakapoitwa.

Niliitwa siku ya maonyesho, nije kuchukua vitu vyangu. Barua ilikuwa ndani ya kabati la kioo, upande wa mbele ukionekana. Upande huo ndiko mama yake alikomwaga hasira zake zote: umenidhalilisha, umekwenda kuua watoto wa wenzangu, sijui nilizaa nini. Nilimuuliza Mkurugenzi kwa nini huo. Alinijibu bila haya kwamba ndio wenye ujumbe wa shirika.

Afande akaitwa ndani apigwe picha. Alivaa miwani, akainama, akasoma mbele ya wageni wote mpaka mstari wa mwisho, ambao unakatika njiani: "Lakini nimekaa nikawaza, mwanangu, na". Akauliza kwa adabu kama karatasi ingeweza kugeuzwa.

"Maonyesho yakiisha, mzee wangu. Miezi mitatu tu."

"Ndiyo, mama," akasema, akarudi getini.

Nilimfuata. Ufunguo wa kabati lile ulikuwa unaning'inia kiunoni mwake pamoja na funguo za jengo zima.

"Si unao ufunguo?" nilimwambia. "Nenda kafungue usome. Ni mama yako!"

"Sijaamriwa."

Nilitaka kumpiga. Jeshi lilimfundisha kutii akiwa kijana, na sisi wapinga vita tukamkuta hivyo, tukaona anatufaa. Alifungua mkoba wangu kupekua kama kawaida. Sikungoja. Nilikuwa nimeyashika maneno yote, nikamwambia palepale.

"Upande wa nyuma anasema: na hasira zimeniisha. Usijisumbue kunijibu, kuandika hujawahi kupenda. Wewe njoo tu, saa yoyote. Mlango wa uani sifungi."

Mkono wake ukatulia ndani ya mkoba. Nilisubiri. Huko ndani watu walikuwa wakipiga makofi.

Kisha akautoa mkono, na kalamu ya bluu yenye nembo ya shirika.

"Hii ni mali ya ofisi," alisema, akaandika nayo saa yangu ya kutoka.