Verna Pilcher Akataa Kutia Sahihi

Kwa miaka kumi na tisa Verna Pilcher alishona nguo za waigizaji katika studio moja ya filamu, Los Angeles. Siasa hakuzijua wala hakuzitaka. Gazeti alilifungua kwa ajili ya mapishi.

Mwaka 1951, Irving Sobel, mkata vitambaa wa meza ya jirani, aliitwa mbele ya kamati ya Bunge iliyokuwa ikiwasaka Wakomunisti. Wakamtaka ataje majina ya wenzake. Akakataa. Kesho yake mlinzi wa geti la studio akamrudisha nyumbani; kazi hakuwa nayo tena.

Wiki hiyohiyo mkuu wa idara, Bwana Haskett, alizungusha barua ya kumkana Sobel. Mafundi wakatia sahihi mmoja mmoja bila kutazamana usoni. Verna aliisoma mara mbili, akairudisha.

"Tia sahihi, mama, tuendelee na kazi," Haskett akasema.

"Mmeandika tulimshuku siku zote. Mimi nilimshuku kwa pini zangu tu. Hizo kweli alikuwa anadokoa."

Mtu akacheka, akajikohoza haraka.

"Verna, watakuita Mkomunisti na wewe!"

"Waniite. Mwanao alipougua polio, nani alikushikia zamu mwezi mzima?"

Haskett akainama. "Irving," akasema polepole. "Lakini nina watoto watatu, Verna."

"Najua. Sina hasira na wewe. Ila jina langu siliweki hapo."

Ijumaa wakamwachisha kazi. Jumapili, alipotoka kanisani, akaoka keki ya ndimu akaipeleka kwa akina Sobel. Miriam, mke wa Irving, alichungulia kwanza dirishani. Siku hizo aliyebisha hodi kwao alikuwa mpelelezi au mwandishi wa habari.

"Ni mimi tu, mama. Nifungulie, sahani inaniunguza!"

Miriam akafungua, akamkumbatia huku analia, keki nusura ianguke.

Miezi michache baadaye wote watatu wakaanza kushona magauni ya harusi katika gereji ya nyumbani kwa Sobel. Mara nyingine walikaa wiki nzima bila mteja, na Verna alitamani sana zogo la studio. Miaka kumi na moja ikapita, hofu ya Wakomunisti ikapoa, ndipo Irving akaitwa kurudi studio. Verna hawakumwita. Alimpigia Irving pasi shati la siku ya kwanza, akamsindikiza hadi kituo cha basi, kisha akarudi kumalizia gauni la bibi harusi wa Jumamosi.