Kijiji cha Mama kwa Rangi ya Maji

Serikali ya Wabelgiji ilisema kijiji cha mama kivunjwe, watu wahamie kando ya barabara, na mama mwenyewe alikuwa amelala kwangu Kasongo, miguu imemvimba. Aliomba kitu kimoja tu: aone kwao mara moja kabla nyumba hazijavunjwa. Wajomba waliahidi kuja na kipoyi, kiti cha miti miwili, wambebe begani. Tukangoja, hawakuja. Mimi mwalimu wa shule nilikuwa na sanduku dogo la rangi za maji, basi nikapanda baiskeli nikamletee kwao kwenye karatasi.

Nilipofika kijijini uchungu sikuusikia, niseme ukweli. Sikusikia kitu. Nililowesha karatasi, nikaiachilia kijani ikimbie inapotaka, na ilipoanza kukauka nikashika kalamu ya wino. Mistari haikufuata rangi. Paa lilipinda, michikichi ikalala upande, moshi nikauvuta mpaka juu bila kuinua kalamu. Ovyo ovyo, lakini ndiko kwenyewe.

Mama mdogo, mdogo wake mama, alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, uani.

"Unitie na mimi," alisema. "Hata mugongo tu."

Nilikataa. Baba, aliyenisomesha Kurani, alinionya tangu utoto: ukichora chenye roho, siku ya kiyama utaambiwa ukipulizie roho, na utashindwa. Nikachora kinu na mchi. Alicheka, akasema mutoto wa shule amekuwa shehe, akaendelea kutwanga.

Niliporudi Kasongo, mama aliishika karatasi kwa mikono miwili. Aliutambua mchikichi wa babu, njia ya mtoni, hata lile paa. Alisema ndivyo lilivyo, aliyelijenga alikuwa mlevi. Nilidhani kazi imekwisha. Kidole chake kikasimama uani.

"Watu wako wapi?"

"Wako, mama. Sikuwachora tu. Unajua maneno ya baba."

"Unanificha. Moshi iko, kinu iko, mutu hakuna. Wamekwisha kuwatoa."

Niliapa kwamba bado wako. Aliona nasema hivyo kwa kumhurumia, basi.

Wajomba walifika Ijumaa baada ya swala, wamechoka, kipoyi begani. Walimwambia nyumba bado zimesimama na mdogo wake anamngoja. Mama aligeukia ukutani.

"Mutanibeba niende kwa nani? Na ninyi, huyu amewafundisha la kusema."

Walimbembeleza, hakugeuka. Niliwapakulia chakula. Walikula, wakainua kipoyi kitupu, wakarudi kuvunja nyumba zao.