Asante kwa Mzee Kinyonga

Dada aliyetunza programu ya kompyuta ya benki ya damu aliirithi kazi hiyo kwa mzee aliyebandikwa jina la Kinyonga, kwa jinsi alivyoiandika polepole. Wenzake walimcheka mpaka akastaafu.

Asubuhi moja daktari aliingia na chai mkononi. "Dada, kanuni imebadilika. Aliyetoka kuugua sasa atasubiri zaidi kabla ya kutoa damu. Tunaihitaji kwenye programu leo."

Dada aliguna. Kazini kwake kwa zamani, kanuni moja ilitapakaa programu nzima. Ukiziba hapa, panavuja pale. Akavuta kiti, akaifungua programu. Akakuta sehemu inayojitegemea iitwayo Mchangiaji, na ndani yake kanuni zote za nani aruhusiwe kutoa damu, kila moja peke yake, kwa jina ambalo hata daktari angelielewa. Sehemu nyingine, Chupa ya Damu, nayo ilikuwa na kanuni zake. Alibadilisha mstari mmoja, akaujaribu, ukakubali. Kwingine kote kulibaki salama.

"Tayari, daktari."

"Usinitanie! Hata chai haijapoa."

Akatoka nje, akampigia mzee simu.

"Shikamoo, baba. Ni mimi niliyeshika ile programu yako."

"Marahaba, mwanangu. Kimeharibika nini?"

"Hakuna, baba. Nimepiga kukushukuru. Umeniachia kazi safi."

Mzee akacheka. "Miaka yote walinipigia kulalamika tu. Hebu rudia, nimeweka spika, mke wangu naye asikie."

Dada akarudia kwa sauti kubwa, hata mlinzi wa getini akageuka kumtazama.