Majani ya Yona

Nawawekea dau la kuku mzima, hii hakuna atakayeiamini. Shauri yenu. Tanga nzima hakuna dereva kama Kombo, na Kombo ndiye mimi.

Yona mnamjua, fundi vitanda wa Makorora, Mchaga wa Marangu, mpole mpaka anakera. Baba yake alipofariki hakwenda kuzika. Kaka yake, Manase, akamwambia asikanyage kwao tena. Juzi akanijia: "Kombo, nipeleke nyumbani. Akinifukuza, basi."

Tukaondoka na kirikuu changu, kile kigari cha mizigo. Kufika Mombo, jamaa akasema, "Tupande Lushoto kidogo, nione msitu." Tukapanda, kona juu ya kona, ukungu, maji yanaporomoka kwenye mawe. Tukashuka. Kufika Himo, Marangu hiyo hapo juu, akasema, "Twende kwanza Chala, tukaone ziwa." Mlima ulitema moto zamani, likabaki shimo, na ndani maji ya buluu kama rangi ya mlango. Amesimama anayakodolea macho, haondoki.

"Yona, wewe hutalii. Unamuogopa kaka yako."

"Namuogopa," akasema.

Nikampakia. Tunapanda katikati ya migomba, gari likazima.

"Hapa ndipo kwetu," Yona akanong'ona. "Lile geti la Manase."

Mimi mzoefu bwana. Nikaruka chini, nikakata majani marefu mabichi pembeni ya barabara, nikayatandika barabarani nyuma ya gari, kama afanyavyo dereva yeyote aliyeharibikiwa. Yona ananitazama mdomo wazi.

Geti likafunguka. Akatoka mzee, panga mkononi. Akayaona majani. Panga likashuka.

"Shikamoo kaka," Yona akasema, sauti ya panya.

"Marahaba. Kumbe umeniletea isale?"

"Kaka, hayo ni ya ga..."

Nikamkanyaga mguu. "Tangu Tanga anayawaza hayo, mzee," nikasema.

Manase akaokota jani moja, akalikunja taratibu. "Mtu akikuletea isale kuomba msamaha, huwezi kukataa. Ndiyo mila yetu. Ila nitakutukana kwanza."

"Nitukane, kaka."

Akamtukana vizuri sana, kwa Kichaga, hata mimi nilifurahi. Halafu akamshika mkono, wakaenda kwenye kaburi la baba yao.

Mnaobisha, muulizeni Yona. Kitu kimoja tu nilikosea. Nilidhani nakata mahindi.