Barua ya Mwalimu Pla Iliishia Kwangu

Barua ya kuniombea nisifukuzwe shule iliandikwa vizuri sana. Najua, kwa sababu ilinifikia mimi.

Mkuu wa shule, aliyepaswa kuisoma, hakuiona hata kwa dawa.

Tulieni, niwasimulie kwa heshima inayostahili msiba.

Shule yetu ni ya bweni, nje kidogo ya mji wa Lampang, kaskazini mwa Thailand. Mimi naitwa Keng. Jina langu rasmi ni refu kuliko mstari wa daftari na hakuna anayelijua. Huku kwetu mtu hujulikana kwa jina la utani tangu anazaliwa.

Muhula huo nilikuwa na kesi. Nilitangaza kwenye kipaza sauti cha shule kwamba masomo yamesitishwa kwa sababu ya mafuriko.

Ilikuwa kiangazi. Madarasa mawili yalifungasha mizigo.

Nikiwa nasubiri hukumu, matroni wetu, Mwalimu Pla, akaniita.

"Wewe mtabiri wa mafuriko, njoo uniunganishie barua pepe yangu na kitabu cha anwani cha shule. Wenzangu wakiandika jina tu, anwani inajaa yenyewe. Mimi bado nanakili herufi mojamoja kama nachora."

Karani alikuwa likizo ya uzazi, na kitabu hicho alikabidhiwa Mwalimu Pla akitunze. Nikaweka anwani ya seva, akaandika neno lake la siri, tukaunganishwa. Akajaribu kuandika "Noi", mwalimu mwenzake.

Anwani haikujaa.

"Noi kaenda wapi?"

"Humu kuna majina rasmi tu, Mwalimu. Noi anaitwa nani?"

Akafikiri weee. "Nakula naye kila siku. Sijui."

Akaniachia kiti niingize majina ya utani ya walimu wote, akaenda kunikaangia yai.

Niliyaingiza kwa uaminifu. Isipokuwa moja. Mkuu wetu huitwa Tui. Jina hilo nikaivisha anwani yangu.

Barua za Mkuu zikaanza kumiminika kwangu. Feni ya chumba cha walimu imekufa. Mwalimu wa hesabu anaumwa tumbo, na tulikuwa tumemwona sokoni akishindilia embe na wali wa kunata.

Nat, jirani yangu wa kitanda, alinipigia magoti. "Mheshimiwa Mkuu, naomba ruhusa ya kwenda chooni."

Nikamnyima.

Kisha ikaja ya Mwalimu Pla.

"Keng ni mtundu, si mbaya. Namdhamini mimi. Akikosa tena, mniondoe pamoja naye."

Nat aliacha kucheka kabla yangu.

Maana nilishakosa tena. Kwa kompyuta yake, kwa neno lake la siri, yai lake likiwa tumboni mwangu.

Nikiinyamazia, nafukuzwa bila mtetezi. Nikiifikisha, anaondoka na yeye.

Nikaifuta.

Nikaenda kwa Mkuu, nikapiga magoti, paji la uso sakafuni. Nikakiri mchezo wote, ila nikasema neno la siri nilimwibia Mwalimu Pla, hajui lolote. Nikamkabidhi barua zilizobaki, nimezichapa kwenye karatasi.

Alizisoma taratibu.

"Nilidhani wamenisusa," akasema. "Na nilishaanza kuzoea raha." Akazikunja. "Hili libaki humu humu. Likitoka, mji mzima utatucheka. Kwenye ile kesi ya mafuriko, kuna wa kukusemea?"

"Hakuna, Mwalimu."

Nikafukuzwa. Kwa mafuriko.

Mwalimu Pla alinisindikiza hadi getini, amening'iniza begi langu begani, macho yamemwiva. Alikuwa amenifungia chakula cha njiani.

"Nilimwandikia Mkuu, mwanangu. Hata hakunijibu. Labda sikuandika vizuri. Nisamehe."

Nikaunganisha viganja, nikainama mpaka chini.

"Si kosa lako, Mwalimu."

Hiyo ndiyo sentensi pekee ya kweli niliyomwambia muhula ule.

Sasa naosha mabakuli kwenye duka la tambi la shangazi yangu. Funzo? Ukijipachika masikioni mwa mtu mwingine, utacheka sana, mpaka siku utakaposikia humo wema uliotendewa wewe, na hutakuwa na mdomo wa kushukuru.

Bado anaamini aliandika vibaya.